Mazoea Mema na Saa za Karani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani katika mkutano wa mwezi



Halmashauri ya chama ilitutaka tuseme machache juu ya mazoea mema, na jinsi mtu awezavyo kuyajenga ili kazi ya siku imalizike kwa siku yake. Tuliitikia wito huo kwa hadhari, maana jambo hili limekwisha semwa mara nyingi, na mara nyingi limesemwa vibaya. Msemaji husimama, akawaambia watu waamke mapema, wauache uvivu, wautunze wakati kwa kuwa wakati ni mali. Watu hupiga makofi, hurudi makwao, na asubuhi ya pili majalada huwa yamekaa mezani pale pale yalipoachwa.

Sisi hatukuja kuwaambia muuache uvivu. Makarani wengi tuwajuao si wavivu. Hutoka kazini jioni wamechoka, shingo zikiwauma na macho yamewaiva, na juu ya hayo wakijiuliza siku nzima wamemaliza nini, hawapati jawabu la kuwaridhisha wenyewe. Ugonjwa wao si upungufu wa bidii. Bidii wanayo, lakini huimwaga kama maji mchangani, na kila asubuhi huanza upya kushindana na mambo yale yale waliyoshindana nayo jana. Twataka kuonyesha jioni hii kwamba mazoea hayajengwi kwa kiapo, wala kwa hasira ya mtu juu ya nafsi yake. Hujengwa kwa kuifunga kazi ndogo na saa yake na mahali pake, kama mashua ifungwavyo gatini, mpaka saa ile na mahali pale vianze vyenyewe kumwita mtu kazini.

Tuanze na neno lenyewe. Karani anapojifunza kupiga chapa hutafuta kila herufi kwa macho, na barua ya mistari kumi humtoa jasho. Baada ya miezi kadha vidole vyaijua njia. Macho yapo juu ya karatasi inayonakiliwa, na akili imekuwa huru kuangalia kama maneno yana maana au hayana. Hakuna aliyemwapisha. Vidole vimepita njia moja mara elfu, mbele ya herufi zile zile, basi. Hayo ndiyo mazoea, na faida yake kubwa ndiyo hiyo: huiondolea akili mzigo wa mambo madogo, ikabaki na nguvu kwa lile lililo gumu.

Wako wataalamu wa elimu ya nafsi waliojaribu kuyapima mambo haya. Mwaka 2002 Wendy Wood na wenzake, huko Marekani, walitoa habari za uchunguzi ambamo watu walitakiwa kuandika, kila saa, walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakiwaza. Yalipohesabiwa, karibu matendo 43 katika kila 100 yalikuwa yale ambayo mtu huyatenda karibu kila siku, na kwa kawaida mahali pale pale; na mara nyingi wakati wa kuyatenda mawazo yake yalikuwa kwingine. Maana yake ni kwamba karani hana hiari ya kuwa na mazoea au kutokuwa nayo. Anayo tayari. Lililobaki ni kujua ni yapi, na nani aliyeyapanda.

Mengi yamejipanda yenyewe, kama magugu. Chukua lile la kuchagua jalada jepesi. Karani huketi, mbele yake rundo. Huchukua la juu, aona ni gumu. Lataka hesabu za miaka mitatu, na barua kwa idara mbili. Hulirudisha, akachukua jingine litakalo sahihi tu. Mara hiyo moyo wake wapoa. Kupoa huko kwa moyo ni malipo, ndugu zetu, na mwanadamu hujifunza upesi jambo limlipalo papo hapo. Kesho atafanya vile vile bila kukusudia, na kesho kutwa; na jalada gumu litateremka chini ya rundo siku baada ya siku, kama jiwe ndani ya maji, wala hakuna saa hata moja ambayo mtu yule aliamua kulizamisha.

Sasa na tuseme ndani ya jalada lile mna nini. Mna barua ya mjane aombaye haki ya marehemu mumewe. Barua yake yataka hati moja tu iliyopungua. Kama karani angeliifungua siku ile ilipofika na kuandika mistari minne, mama yule angeliambiwa mapema ailete hati ile, na safari yake ingelikuwa moja. Lakini miezi miwili imepita. Mama ameuza kuku apate nauli, amekuja mjini, amelala kwa jamaa ambao hawakumtazamia, amesimama dirishani na kuambiwa arudi juma lijalo kwa sababu jalada halionekani. Juma lijalo limeonekana. Aambiwa kuna hati haipo. Arudi kwao kuitafuta. Hizo ni safari mbili, na ya tatu bado. Tukisema juu ya mazoea ya karani, hatusemi juu ya unadhifu wa meza. Twasema juu ya nauli ya mtu mwingine. Mwalimu aliyehamishwa asipate mshahara, kijana angojaye cheti ili aingie chuoni, mzee angojaye malipo ya uzeeni: wote hao hulipa kwa fedha yao kila siku ambayo karatasi inalala. Karani hawaoni, aona rundo.

Kwa hiyo mtu mwema akisikia maneno haya huona haya, akajiambia, “Kuanzia kesho nitajitahidi.” Nasi twaogopa sana neno hilo “nitajitahidi,” tena twaliogopa hasa kwa sababu husemwa kwa moyo safi.

Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake wawili walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Waliwapa maelezo juu ya ugonjwa wa pepopunda na kuwahimiza waende kudungwa sindano ya kinga. Baadhi yao walitishwa sana, kwa maneno na kwa picha za kuogofya. Waliotishwa walikiri kwamba ugonjwa ni mbaya na sindano ni ya lazima, walisema watakwenda. Katika hao waliohimizwa tu, waliokwenda ni kama 3 katika kila 100. Lakini wengine walipewa, pamoja na maelezo yale, ramani ya chuo ikionyesha nyumba ya matibabu, ambayo walikwisha ijua siku nyingi, wakaombwa waitazame ratiba yao ya juma na kuchagua saa gani wangeweza kupitia pale. Katika hao walikwenda kama 28 katika kila 100. Kilichoongezwa hakikuwa hofu, maana hofu wote walikuwa nayo. Kiliongezwa saa, na njia ya kupita.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wahubiri wa bidii. “Nitajitahidi kujibu barua mapema” ni kama wale 3 katika 100. Afadhali mtu aseme hivi: “Nikishaketi kitini asubuhi, kabla sijafungua kompyuta na kabla sijaitazama simu, nitavuta jalada lililo chini kabisa ya rundo na kuandika juu yake hatua moja inayofuata.” Tazameni maneno haya yalivyo. Hayasemi “nitamaliza.” Hayasemi “kila siku nitakuwa mtu mpya.” Yamekishika kitendo ambacho hakiwezi kukosekana, yaani kuketi, yakakifanya kengele. Mtu hahitaji kukumbuka, kiti chamkumbusha. Tena kazi yenyewe imekuwa ndogo hata asiyependa hawezi kuikimbia. Hatua moja: kuandika barua ya kuomba hati, au kupiga simu idara fulani, au kuandika tu pambizoni, “Hili lasubiri hesabu za mwaka jana, zitafute Jumatano.” Jalada lililoandikwa hatua yake halitishi tena kama lile lililofungwa.

Mtu atauliza itachukua siku ngapi kabla jambo kama hilo halijawa la kujiendea lenyewe. Mitaani husemwa siku 21. Twadhani watu wengi hawajui neno hilo latoka wapi. Daktari mmoja wa Marekani, Maxwell Maltz, bingwa wa kurekebisha sura kwa upasuaji, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua kadiri ya siku 21, kwa uchache, kuzoea sura zao mpya. Neno lake lilikuwa juu ya kuzoea pua mpya. Watu wakaliondoa lile “kwa uchache,” wakaliondoa na pua, wakabaki na sheria. Uchunguzi ulio bora zaidi ulifanywa London, katika Chuo Kikuu cha University College, na Phillippa Lally na wenzake, ukatangazwa mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni, wakalifuata kwa majuma 12. Wa katikati alikadiriwa siku 66 mpaka jambo lile lijiendee. Lakini wa upesi alichukua siku 18, na wa polepole alikadiriwa siku 254. Mambo rahisi yalizoeleka mapema kuliko magumu.

Tena walilionyesha jambo lililotufurahisha kuliko yote: mtu aliyekosa siku moja hakuiharibu kazi yake. Alipoendelea siku ya pili, mazoea yalizidi kukua kama yalivyokuwa. Twawaomba mlishike sana hilo. Karani mmoja mmoja huanza vizuri, kisha siku moja mtoto augua, au mkubwa amtuma mahali, siku yavunjika. Naye husema, “Basi, mimi siwezi mambo haya,” akaliacha kabisa. Hakushindwa siku ile aliyoikosa. Alishindwa kwa hukumu aliyojikatia.

Na sasa tutawaletea habari za karani mwenzetu, ingawa hakuwa wa nchi hizi, maana maisha yake ni kama kielelezo cha mambo yote tuliyokwisha kuyataja, nasi tumeyapenda hata tutakaa kwake kidogo.

Anthony Trollope aliingia kazi ya Posta huko London mwaka 1834, akiwa kijana wa miaka 19, kwa mshahara wa paundi 90 kwa mwaka. Kwa miaka saba alikuwa karani mbaya. Twasema hivyo kwa ushahidi wake mwenyewe, kwani aliyaandika yote katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1883, baada ya kufa kwake. Alikuwa akichelewa. Alikuwa na ugomvi na wakubwa. Tena alikuwa na deni. Deni lenyewe lilianza kwa mshona nguo, kama paundi 12; hati yake ikaangukia mkononi mwa mkopesha fedha kwa riba, ambaye kijana alipokea kwake paundi 4 nyingine za taslimu. Kwa hizo 12 na hizo 4, alikuja kulipa mwisho wake zaidi ya paundi 200. Mkopesha yule alikuwa akimfuata mpaka ofisini, akisimama nyuma ya kiti chake na kumsihi kwa upole awe mtu wa kutimiza wakati. Nadhani wako humu wanaolijua umbo hilo la mtu asimamaye nyuma ya kiti. Siku za mwisho wa mwezi huonekana katika ofisi nyingi, na siku hizi huingia hata kwa njia ya simu.

Mwaka 1841 alihamishwa akapelekwa Ireland. Wenzake wa London walimhurumia, maana kazi ile haikuwa ya sifa. Lakini kule mtu akageuka. Akawa mtumishi hodari, apandaye farasi kutoka kijiji hata kijiji akichunguza njia za wapeleka barua na kusikiliza malalamiko ya watu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1851, ndiye aliyependekeza masanduku ya barua yasimamishwe barabarani katika kisiwa cha Jersey, ili mtu asilazimike kwenda mpaka posta ndipo atume barua yake.

Ni nini kilichomgeuza? Kazi ilikuwa bora na posho za safari zilikuwa nzuri. Tusijifanye kwamba fedha si kitu. Lakini twaona jambo jingine pia. Mwaka 2005 Wendy Wood na wenzake waliwachunguza wanafunzi waliohama chuo kimoja kwenda kingine, wakaona kwamba mazoea ya zamani, kama kufanya mazoezi au kusoma gazeti, yalidumu pale ambapo mazingira mapya yalifanana na ya kale. Yasipofanana, mazoea yalilegea, na mtu akaanza kufuata nia yake badala ya desturi yake. Basi kuna siri katika uhamisho. Sote twauchukia uhamisho, na chama hiki kimeandika barua nyingi juu ya uhamisho wa ghafula, na kitaandika nyingine. Hata hivyo karani afikaye stesheni ngeni ana majuma machache ambayo ndani yake meza haijamzoea, wenzake hawajajua huchelewa au hachelewi, na njia ya kwenda baa haijatiwa alama na miguu yake. Majuma hayo hayarudi. Ayapande mazoea yake hapo, siku ya kwanza, kabla ya magugu.

Turudi kwa Trollope. Aliporudi kukaa Uingereza, katika mji mdogo wa Waltham Cross, alikuwa akiandika hadithi huku akiitumikia Posta. Kila siku aliketi mezani saa 11 na nusu alfajiri. Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoyaandika jana. Kisha aliweka saa yake mbele yake, akajitaka maneno 250 kwa kila robo saa, mpaka saa 2 na nusu, ndipo akavaa na kula, akaenda kwenye kazi ya serikali. Wala hakujitegemea mwenyewe kuamka. Alimwongezea mtumishi wake mzee, aliyetunza farasi, paundi 5 kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, naye mzee yule hakuchelewa hata mara moja. Trollope alisema kwamba hakujua mtu anayestahili zaidi ya mzee huyo kuhesabiwa mshirika katika mafanikio yake. Tafakarini hilo. Mtu huyu aliyeijua nafsi yake vema hakusema, “Nitajitahidi kuamka.” Alimlipa mtu.

Alikuwa pia na daftari. Kila kitabu alichokianza alikipigia mistari ya majuma, akaandika kila siku kurasa alizozimaliza. Wastani wake ulikuwa kurasa 40 kwa juma. Siku alizokosa zilibaki wazi, zikimtazama. Safari za kazi zilipokuwa nyingi alijitengenezea kibao cha kuandikia juu ya magoti, akaandika kwa kalamu ya risasi ndani ya gari la moshi, na nyumbani mkewe akanakili. Hata alipofariki mwaka 1882 alikuwa ameandika hadithi ndefu 47, na miaka yake ya Posta ilikuwa 33. Kitabu cha maisha yake kilipotoka, wasomaji wengine walichukizwa kusikia kwamba mwandishi alihesabu maneno kama fundi viatu ahesabuvyo viatu. Sisi hatukuchukizwa. Twamwona ni karani mwenzetu aliyeichukua njia ya ofisini, yaani daftari, saa na hesabu, akaitumia kwa jambo lake mwenyewe.

Neno hilo “lake mwenyewe” latufikisha kwenye pingamizi ambalo hatuna budi kulijibu, maana tumelisikia likinong'onwa nyuma hapo. Wako wasemao kwamba hotuba kama hii ni hotuba ya wakubwa. Karani akifanya kazi ya siku mbili kwa siku moja, ataongezwa kazi ya mtu wa tatu, na mshahara utabaki ule ule. Punda akionyesha anaweza gunia mbili hupakiwa la tatu.

Pingamizi hilo lina haki ndani yake. Mazoea mema hayaongezi mshahara usiotosha, wala hayaleti karani wa pili mahali panapotaka makarani watatu. Hayo ni kazi ya chama, tena ni kazi ya kudai kwa sauti moja. Mtu akitumia hotuba ya mazoea ili kuziba mdomo wa watu wadaio haki yao, amefanya hila. Lakini twauliza: karani aliyechoka, ambaye siku yake imekatikakatika, ambaye huchukua majalada nyumbani na kuyarudisha bila kuyafungua, atadai nini, saa ngapi? Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika. Walikuwa watu wa ofisini kama sisi. Chama kinataka mtu wa kuandika kumbukumbu, mtu wa kutunza fedha, mtu wa kusoma kanuni usiku ili kesho ajue kifungu gani kimevunjwa. Kazi hizo hula saa. Mtu asiyekuwa na saa iliyo yake hawezi kuitoa sadaka.

Au mtazameni Shaaban Robert. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hata 1944, kisha akatumika katika idara nyingine za serikali mpaka mwaka 1960. Katika miaka hiyo ya utumishi ndipo alipotunga sehemu kubwa ya vitabu vyake, pamoja na Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3000, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake. Beti 3000 hazitungwi kwa usiku mmoja wa hamasa. Ni kazi ya mtu aliyerudi mezani mara nyingi mno, baada ya kutoka kwenye meza nyingine. Forodha ilipata kazi yake. Na kilichobaki, ambacho wenzake wengi walikiacha kipotee katika mazungumzo ya barazani, yeye alikifanya urithi wa watu wote wasemao Kiswahili.

Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba saa iliyookolewa ina wenyewe wawili. Wa kwanza ni mama yule wa dirishani, na haki yake hutangulia. Wa pili ni wewe. Mkubwa hayumo katika hesabu hiyo. Akitaka kuongeza kazi, na aongeze kwa kanuni, nasi tutamjibu kwa kanuni.

Yamebaki mambo mawili matatu ya kazini ambayo tutayapitia upesi. Simu ya mkononi ndiyo mwizi mkubwa wa siku zetu, na dawa yake si nasaha. Iondoke mezani, iwekwe ndani ya mkoba, mkoba nyuma ya kiti. Kitu kilicho mbali kwa hatua tatu huombwa mara chache kuliko kilicho chini ya mkono. Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi kwa upande wa pili: kanuni za utumishi unazotaka kuzisoma kwa ajili ya mtihani wa kupandishwa daraja, zilale juu ya mto wako asubuhi ukitandika, ili usiku usiweze kulala bila kuzishika.

Jioni, kabla ya kufunga mlango, karani na atwae kipande cha karatasi, aandike kazi ya kwanza ya kesho, akiweke katikati ya meza tupu. Dakika mbili zatosha. Asubuhi akili ni nzuri lakini ni nzito kuchagua. Ikikuta imekwisha chaguliwa kazi, huishika.

Na juu ya deni, kwa kuwa Trollope alitukumbusha: siku ya mshahara ndiyo saa iliyokwisha fungwa yenyewe, haina haja ya kutafutiwa kengele. Kiasi kidogo na kitoke siku ile ile, kabla ya duka na kabla ya jamaa, kiende katika chama cha akiba na mikopo. Anayengoja mwisho wa mwezi aweke kilichobaki, ataweka hewa.

Halmashauri imekubali kwamba kila mwanachama atokapo leo apewe kadi moja tupu. Aandike juu yake sentensi moja tu, yenye sehemu mbili: “Nikishafanya hili, nitafanya lile.” Sehemu ya kwanza iwe jambo alifanyalo kila siku bila kukosa, ya pili iwe ndogo kiasi cha kumwonea haya. Upande wa nyuma apige mistari ya majuma, atie alama kila siku aliyotimiza, na siku aliyokosa aiache wazi, aendelee. Hakuna jina litakaloandikwa, na hakuna atakayeshindanishwa na mwenziwe. Kwa kuwa siku 66 ni zaidi ya miezi miwili, na wengine tutachukua zaidi ya hizo, tumeomba jambo hili liwekwe katika shughuli za mikutano mitatu ijayo, mwishoni, baada ya taarifa ya mtunza hazina. Kadi ziko kwa katibu, karibu na mlango. Wanachama wa stesheni za mbali watazipata pamoja na gazeti hili.